Tembe la Babu Lilipowekewa Mawaridi

Niseme mapema, nisije nikasemwa: mimi nauza mabati. Duka langu liko Utemini, Singida mjini, nina mabati, misumari, saruji, rangi na makufuli, na kila nilichowahi kusema juu ya nyumba ya babu kilijibiwa hivyo hivyo. "Wewe unatetea biashara yako." Haya, natetea. Lakini hata ningekuwa nauza dagaa ningesema yale yale.

Nyumba yenyewe ni tembe. Kwa asiyelijua, tembe ni nyumba ya udongo, imelala chini, paa lake bapa. Juu ya kuta kuna magogo, juu ya magogo fito, juu ya fito udongo uliopigwa na kukanyagwa mpaka ukashikana. Unaweza kuanika mtama huko juu. Mbuzi naye anaweza kupanda akakutazama kwa dharau kana kwamba amelipa kodi. Babu alilijenga kijijini kwetu, upande wa Ikungi, akazalia humo watoto wake wote na humo humo akafia. Baadaye bibi naye akaondoka, na aliyebaki ndani ni shangazi yetu, dada wa baba yangu, ambaye alirudi nyumbani zamani baada ya kuchoshwa na ndoa. Mwenyewe anasema mume alikuwa mzuri, tatizo lilikuwa kukaa naye.

Shangazi alikuwa na ombi moja tu kwa sisi watoto wa kaka zake: nyumba ya bati. Si ghorofa, si vigae. Vyumba viwili, bati juu, basi. Alikuwa na sababu, na alizieleza bila kulia wala kujiliza. Magogo yalikuwa yameliwa na mchwa. Kila masika udongo wa paani ulikuwa ukishuka na maji mpaka kwenye godoro, na zamani vijana wa ukoo walikuwa wanapanda kuongeza udongo mpya, sasa vijana wako Dodoma wanaendesha pikipiki. "Siku moja hili paa litanifunika nikiwa nimelala," alikuwa anasema, "na nyinyi mtakuja na turubai na sufuria kubwa, mtalia vizuri sana." Mimi nikasema mabati nitatoa, wengine wachangie mbao na fundi. Grupu la familia likasema amina. Watu wakaweka alama za kupiga makofi.

Hapo ndipo alipotokea kaka yetu mkubwa.

Huyu ni mtoto wa baba mkubwa. Kazaliwa Dar es Salaam, kakulia Dar es Salaam, Singida alikuwa anakuja kwenye misiba, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuuliza choo kiko wapi. Karibu na kustaafu alipelekwa Ulaya kikazi, na siku ya mapumziko wenyeji wake wakampeleka kutembelea jumba la tajiri mmoja wa kale. Jamani, lile jumba lilimwingia. Alitusimulia mpaka tukalijua kuliko wenyewe: watu wanapanga foleni kutazama kitanda cha mtu aliyekufa, wanaambiwa wasiguse pazia, halafu wanatoka nje kuzunguka bustani, mawaridi huku, majani yaliyokatwa sawasawa kule, wanakunywa chai na kurudi kwao wamefurahi. "Na sisi tunayo," akaandika kwenye grupu. "Tunayo nyumba ya kihistoria na tunataka kuibomoa tuweke bati!"

Mstaafu asiye na mjukuu wa kumsumbua ni hatari. Alihamia Singida. Simaanishi alihamia kwenye tembe, thubutu! Alipanga chumba kwenye nyumba ya wageni mjini, chenye feni na maji ya moto, kwa sababu vumbi la tembe lilikuwa linamletea mafua. Kutoka huko alikuwa anakuja kila siku kulinda urithi wetu. Mchango wa nyumba ya shangazi ukageuka mchango wa nyumba ya babu. Watu wa grupu wale wale wakapiga makofi yale yale. Nilipopinga, nikajibiwa lile jibu la biashara yangu.

Akachomeka bango: NYUMBA YA KIHISTORIA. Chini yake: USIGUSE UKUTA. Na shangazi naye akapewa masharti. Asiweke mlango wa mbao mpya. Asipeleke umeme wa sola. Na asikandike ukuta, kwa sababu eti mikono yake ingeharibu uhalisia. Kila mwaka kabla ya mvua shangazi alikuwa anakandika zile kuta kwa udongo na samadi, kama bibi alivyofanya, kama wanawake wote wa kwetu walivyofanya. Sasa akaambiwa akae tu. Ila asihame, maana nyumba isiyo na mtu haina uhai, na wageni wakija watapenda kumkuta amevaa kaniki akisaga mtama kwenye jiwe.

"Mashine ya kusaga iko pale," shangazi akamwambia, akanyoosha kidole.

"Najua, shangazi. Lakini wageni hawaji kuona mashine."

Nilikwenda kuitazama hiyo nyumba ya kihistoria wakati wa kiangazi, Jumapili, baada ya kufunga duka. Nilitaka kumsalimia shangazi, na nakiri nilitaka pia kupata cha kucheka. Nilivipata vyote. Kaka alinipokea langoni, maana sasa kulikuwa na lango, uzio haukuwepo. Amevaa kofia pana na fimbo ya babu mkononi. Akanitembeza kama mgeni, mimi niliyejikojolea kwenye ile nyumba nikiwa mdogo.

"Hapa," akasema akiwa amesimama kwenye kona yenye giza, "ndipo babu alipokuwa anakaa peke yake akitafakari."

Sauti ya shangazi ikatoka chumba cha pili. "Hapo palikuwa pa ndama."

Kaka akakohoa, akanipeleka nje kwenye bustani.

Bustani! Nisiwe mchoyo wa sifa: ilikuwa imependeza. Kwa kawaida uwanja wa tembe huwa mtupu, umefagiwa, umeinama kidogo kwenda nje ili maji ya mvua yakimbie. Pembeni shangazi alikuwa na kipande chake cha mlenda, anaouchuma, anaukausha na kuuweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Kaka aliuchimbua mlenda wote akidhani ni magugu. Mahali pote pale sasa palikuwa na mawaridi mekundu na meupe, vikonyo vya majani kutoka Arusha, na vijiwe vilivyopakwa chokaa. Na yale mawaridi hakuyapanda mbali. Aliyapanda chini ya ukuta kabisa, yameegemea ukuta, kuzunguka nyumba nzima, kwa sababu kule Ulaya aliyaona yamepanda ukutani mpaka dirishani. Kule ukuta ni wa mawe. Wa kwetu ni udongo na mate ya babu.

Ameweka simtanki kwenye mnara wa vyuma, linajazwa na boza, na kutoka hapo mpira mrefu wa kijani. Wanawake wa kijiji walikuwa wanapita na ndoo zao kutoka kwenye pampu, wanatazama maua yakinywa maji. Kusema kweli nilisikia aibu.

Shangazi ndiye aliyeshika mpira. Nikampigia magoti kidogo, shikamoo, marahaba mwanangu, hajambo huyo, hawajambo hao, na muda wote huo maji yanatiririka. Hakuwa anamwagilia kama mtu anayetumwa. Alikuwa anamwagilia kwa bidii, kwa subira, anakaa kwenye shina moja mpaka maji yatengeneze dimbwi na dimbwi liguse ukuta, ndipo anasogea.

Nikagusa ukuta, bango au si bango. Kipande cha udongo kikabaki mkononi mwangu, kibichi, laini.

"Shangazi," nikasema, "maji yanaingia ukutani."

"Yanaingia kwenye maua. Kaka yako kasema maua yakifa ni juu yangu."

"Lakini ukuta umelowa mpaka hapa." Nikamwonyesha. Ulikuwa umefika kiunoni.

"Ukuta nimekatazwa kuugusa." Akasogea shina lingine. "Asubuhi namwagilia, jioni namwagilia. Huyo mtoto amefurahi mpaka ameninunulia buti."

Nikachungulia ndani ya chumba chake. Kitanda kilikuwepo, kimetandikwa shuka ya maonyesho. Godoro halikuwepo. Sanduku lake la bati halikuwepo. Picha ya bibi iliyokuwa ukutani haikuwepo.

"Unalala wapi siku hizi?"

"Jikoni." Jiko lake ni kibanda cha nyasi pembeni, mbali na nyumba. "Huku ndani kuna unyevu, sijui unatoka wapi."

Tukatazamana. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna hata dalili ya tabasamu. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani kwangu Mandewa, mpaka dereva wa bodaboda akasimama kuniuliza kama naumwa.

Msije mkasema nilinyamaza. Jioni ile ile nilimpigia kaka simu. Nikamwambia, kaka, yale maua yako karibu mno na nyumba, tembe haliwekewi maji miguuni, ondoa hata yale ya mbele. Nilimwambia kwa heshima kabisa. Mnajua alichonijibu. Basi nikamwacha.

Siku ya uzinduzi wa bustani ikafika. Lilikodiwa turubai, vilikodiwa viti na spika, pilau likapikwa kwenye masufuria makubwa, na mgeni rasmi akaja na gari lenye kiyoyozi akiwa amechelewa kiasi cha kuonyesha kwamba ni mgeni rasmi kweli. Ndugu walitoka Itigi, Manyoni, wengine Dodoma. Shangazi alikuwa amevalishwa kaniki na kuwekwa mbele na jiwe lake. Alikuwa hasagi. Alikuwa anatazama ukuta wa mbele. Na mimi nikautazama, nikaona ufa uliotoka ardhini mpaka kwenye gogo la paa, mpana wa kuingiza kiganja, umefunikwa vizuri na waridi jeupe.

Mpango ulikuwa mgeni rasmi akate utepe kwenye lango, kisha azungushwe. Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini kaka alishika kipaza sauti, kile kisicho na waya, akatangaza kwamba kabla ya utepe angependa kutusalimu akiwa amesimama pale alipokuwa anasimama babu kutazama ng'ombe wake wakirudi. Akaegemeza ngazi. Akaanza kupanda paani.

Shangazi alisimama na kaniki yake, jiwe likaanguka. "Wee! Shuka!"

Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya onyesho.

"Shuka wewe mtoto! Shuka nakwambia! Hapo si pa kusimama!"

Nikapiga kelele na mimi. Kaka akatupungia mkono, tayari yuko juu, kofia pana, fimbo ya babu, tumbo mbele. "Ndugu zangu," spika zikasema, "nikisimama hapa nahisi..."

Hatukujua alichohisi. Paa lilizama taratibu katikati, likamkalisha chini. Halafu ukuta wa mbele ukainama kwenda nje, hauna haraka, kama ng'ombe anayejilaza, ukamshusha yeye na udongo na fito na mtama wa mwaka juzi hadi kwenye bustani. Vumbi likapanda. Na kwa kuwa kipaza sauti hakikuzimika, kijiji kizima kilisikia kila neno, "Mama yangu mimi! Mama! Yesu! Miiba! Miiba!" Mgeni rasmi alikuwa ameshafika kwenye gari lake.

Shangazi ndiye aliyemfikia wa kwanza. Sikujua kwamba mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia hivyo. Alifukua kwa mikono, anatukana kwa Kinyaturu, maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu bibi alipokuwa hai, na alipomkuta mzima, amejaa miiba ya waridi mgongoni na kiatu kimoja kimepotea, alimpiga kofi la bega na kuanza kulia. Alilia kwa nguvu. "Ningekuua," alikuwa anasema. "Ningekuua mtoto wa kaka yangu." Wengine walidhani ni mshtuko tu.

Pilau lilikuwa limeiva, kwa hiyo tulikula. Ndiyo, tulikula, mngetaka tuwape mbuzi? Tukakaa chini ya turubai, kaka amelala kifudifudi kwenye mkeka, mimi namtoa miiba kwa pini, na hapo hapo kikao cha ukoo kikaanza bila mtu kukiitisha. Mmoja akalaumu mchwa. Mmoja akalaumu mbuzi. Wa kutoka Manyoni akataja watu fulani wenye wivu, akaambiwa anyamaze ale.

Na kaka, kifudifudi vile vile, akasema, "Tutalijenga upya. Kama lilivyokuwa."

Wazee wawili wakatazamana. Mmoja akasema magogo ya aina ile siku hizi hayakatwi bila kibali, mwingine akasema hata yakipatikana, nani anajua kuyalaza? Waliojua wako makaburini. Yeye mwenyewe, akasema, alikuwa anabeba maji tu. Watu wote wakageuka kumtazama shangazi, ambaye alishiriki kukarabati lile paa tangu akiwa msichana, na ambaye anaweza kukuambia gogo gani linakaa wapi huku amefumba macho.

"Nimesahau," akasema shangazi.

"Shangazi, haiwezekani!"

"Uzee, baba. Yote yametoka kichwani." Akaongeza pilau.

Nilishindwa kujizuia, nikamchoma kaka na pini. Akaruka, akakaa kitako, macho mekundu, na hapo akasema kitu ambacho nadhani kilikuwa kinamkaa moyoni muda mrefu. Akasema sisi hatuelewi. Yeye hakulelewa na babu kama sisi. Alimwona kwenye misiba tu, na siku alipofika akiwa mtu mzima anataka kumjua, babu alishaondoka. Alichobakiza ni hili tembe. "Babu alilipenda tembe lake," akasema, "na sisi tumelimaliza."

Shangazi akaweka sahani chini. Alikwenda jikoni kwake na kurudi na kopo la zamani la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa, akaliweka mapajani kwa kaka.

"Fungua."

Kaka akafungua. Ndani kulikuwa na misumari. Mimi nikaitambua kabla sijaisogelea, ndiyo kazi yangu: misumari ya bati, yenye kofia, ya zamani, mizito kuliko ya siku hizi. Ilikuwa imejaa mpaka juu.

"Baba yangu aliuza dume lake akanunua hiyo," shangazi akasema. "Akasema naanza na misumari, mwaka ujao mabati. Mwaka ujao ukaja ukame, ng'ombe wakafa. Ukaja mwingine, sisi tukakua, akasema watoto wasome kwanza. Baba yako wewe alisoma Dar kwa ng'ombe waliobaki. Kila masika maji yakianza kutushukia, alikuwa anatoa hilo kopo chini ya kitanda, anaipaka samli, mmoja mmoja, anairudisha. Hakulipenda hili tembe hata siku moja. Alikufa linamvujia usoni, mimi nimeshika beseni."

Hakuna aliyetafuna.

"Mbona hukutuambia?" kaka akauliza.

"Uliniuliza? Ulinipa mpira wa maji na buti."

Kaka alichukua msumari mmoja, akaugeuza geuza kwenye mwanga, akaufuta kwa kidole. Kidole kikatoka kisafi, hapakuwa na kutu. Kisha, bila kuninyanyulia macho, akaniuliza mabati nitayaleta lini.

Nikamwambia kesho.